Pikapu Iliyosimama Kangemi

Miaka ya sabini mwanzoni, ukifiwa Nairobi na marehemu ni wa kupelekwa magharibi, watu walikwambia umtafute Sifuna. Alikuwa dereva wa Mzee Mbarak, mtu wa Lamu mwenye duka la saruji na vyuma karibu na River Road. Siku za kazi pikapu yao ya dizeli ilibeba misumari na mabati. Jumamosi ilibeba jeneza. Mzee Mbarak hakulipenda jambo hilo, ila alisema kumnyima mtu gari la kumrudisha kwao ni roho mbaya, basi akawa anageuza uso pikapu ikitoka.

Sifuna alikuwa Mbukusu mfupi, mcheshi, mwenye majivuno ya kuwatosha watu watatu. Alikuja mjini mwaka wa sitini na moja kama mpakiaji mizigo, akajifunza usukani kwa kuangalia wenzake, na sasa alijigamba kwamba injini ya dizeli anaijua kwa pua. Ile pikapu ilikuwa kuukuu. Geji ya joto, ule mshale mdogo wa kumwonyesha dereva injini imechemka kiasi gani, ilikuwa imekufa tangu waya wake ukatike, na mshale ulilala upande wa baridi mwezi mzima. Mwololo, fundi wa waya za magari pale Kangemi, alimwambia ailete aiunge, kazi ya dakika kumi. Sifuna akamjibu kwamba geji ni ya wasiojua kuendesha. Hayo ni maneno ya mjinga, nami nasema hivyo nikiwa nampenda.

Tena madereva wa maiti walikuwa na siri yao. Barabara ya kwenda magharibi inapanda tangu Westlands, na gari kuukuu lenye jeneza na watu kumi nyuma huchemka kabla halijafika mbali. Dereva akisimama, waombolezaji hawasemi gari limechemka. Wanasema marehemu amekataa kwenda, ana neno na mtu. Basi wanashuka, wanalizunguka jeneza, mwenye kosa anatubu. Mmoja hakwenda kumwona hospitalini, mwingine alimsengenya. Wanambembeleza kwa nusu saa, na nusu saa ndiyo injini inayoihitaji ili ipoe. Dereva anaongeza maji polepole, gari linawaka, watu wanamshukuru marehemu. Madereva walilicheka jambo hili wakinywa chai, lakini hakuna aliyeumia kwalo, na wapo waliopatana pale kando ya barabara baada ya miaka ya kununiana.

Agosti ya mwaka wa sabini na mbili Sifuna aliitwa kumpeleka Odhiambo, karani aliyeishi mtaa wa Woodley, aliyeugua ini kwa muda mrefu. Siku hiyo alichelewa kuamka. Alifika mochari mbio mbio, akapakia, akaondoka bila kufungua boneti, na maji hakutia. Mbele alikaa Ogutu, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mkavu asiyetabasamu hata harusini. Nyuma, karibu na kichwa cha jeneza, alikaa mjane, Philister, ambaye watu walimwita Mama Awiti kwa jina la binti yake.

Saa nne asubuhi, kabla tu ya Kangemi, pua ya Sifuna ikanusa kitu, lakini muda ulikuwa umepita. Injini ikaishiwa nguvu, ikagonga mara mbili tatu, ikanyamaza. Mvuke ukatoka chini ya boneti.

"Dereva," Ogutu akauliza, "hii gari uliweka maji asubuhi?"

Aliulizwa waziwazi, na mtu aliyekuwa tayari kuamini jibu lolote. Sifuna akamfikiria Mzee Mbarak, akalifikiria na jina lake mwenyewe mbele ya watu wale wote.

"Niliweka, Mzee. Ilikuwa imejaa mpaka juu."

Ogutu akatikisa kichwa polepole. "Basi hii si mambo ya gari." Akashuka, akaenda nyuma. "Huyu mtu amekataa. Kama iko mtu ana neno na yeye, aseme hapa, tusimsumbue."

Watu walilizunguka jeneza karibu nusu saa. Kisha Philister akaweka mkono juu ya jeneza, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu majirani wa Woodley walikuwepo na hakutaka kuwaficha.

"Baba Awiti, ni mimi. Ile siku ya mwisho uliniita nikuletee maji. Nilikusikia. Nilikuwa nimechoka, wiki tatu sijalala vizuri. Nikasema wacha nipumzike kidogo ndio niamke. Nilipoamka ulikuwa umeenda. Nisamehe. Twende nyumbani."

Sifuna alikuwa mbele ya gari na kitambaa mkononi, amesikia kila neno. Angeweza kusema wakati ule. Badala yake akakifungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Alitia maji, rejeta ikayanywa, akatia tena, mpaka debe zima likaisha. Akapiga stata na gari likawaka mara moja. Nyuma wanawake wakaanza kuimba.

Ogutu hakuimba. Kwake yeye jambo lilikuwa limethibitika: shemeji yake alimwacha ndugu yake afe na kiu. Baada ya mazishi hakuna aliyegusa chakula alichopika Philister. Awiti na mdogo wake wakabakizwa kwa nyanya yao, na mama akarudi mjini peke yake. Alipata kiti cha kusukia nywele Kenyatta Market. Hayo Sifuna aliyapata kwa majirani wa Woodley, na kila aliyemsimulia alimaliza kwa kumsifu marehemu jinsi alivyosema ukweli hata akiwa jenezani.

Jumatatu iliyofuata alimpelekea Mwololo pikapu. Waya ukaungwa, geji ikafufuka, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Kila alipofika pale pale, kabla ya Kangemi, mshale ulipanda. Gari likiwa tupu, asubuhi ya baridi, ulipanda mpaka mwisho wa alama nyekundu. Sifuna husimama, hushuka, huweka kiganja juu ya boneti, na boneti ina joto la kawaida tu. Hufungua rejeta na kuikuta imejaa. Mwololo alibadilisha geji, akabadilisha waya wote, kisha akaendesha mwenyewe, akapanda na kushuka mara tatu, na mshale ukakaa katikati bila kutikisika.

"Gari yako ni mzima," akasema. "Labda ni wewe uko na homa."

Kesho yake Sifuna alipita peke yake. Mshale ukapanda. Na nyuma, mahali palipokuwa na mifuko ya saruji tu, alimsikia mtu akisafisha koo, koo kavu, kama mgonjwa anayejitayarisha kuita. Hakutazama kioo. Alishika usukani kwa mikono miwili akaendesha hadi Uthiru, ingawa mzigo ulikuwa wa Kangemi. Mimi sikuwemo garini, nakupa alivyonipa, lakini mtu huyu hakuwa mwoga.

Aliacha kubeba maiti. Aliacha na mizaha. Nyuma ya kiti akaweka madebe mawili ya maji, kisha matatu, na nyumbani akawa anajaza kila chombo hadi Rael, mkewe, akakosa sufuria ya ugali. Rael alingoja aseme mwenyewe. Mwaka wa sabini na nne, Jumapili moja baada ya kanisa, Sifuna akasema yote.

"Mama wa watu hana watoto wake kwa sababu ya uongo wako, Baba Isaiah," Rael akamjibu. "Nenda umwambie. Halafu umwambie na shemeji yake."

Hivyo ndivyo alivyoliweka moyoni. Akisema, mama atapata watoto, na yeye atapata kupita Kangemi kama watu wengine. Siku mbili alijipanga maneno. Jumanne alasiri akaenda Kenyatta Market, akapita katikati ya moshi wa nyama, akamkuta Philister amesimama nyuma ya mteja, anasuka.

"Mama Awiti, habari ya siku nyingi."

Alimtambua upesi, na akatabasamu, jambo ambalo Sifuna hakulitegemea. Akamvutia kiti. "Huyu ndiye alitupeleka na Baba Awiti," akamwambia mteja, kama anayemtambulisha ndugu yake.

Sifuna hakukaa. Akasema kwa mkupuo, asije akarudi nyuma. Kwamba rejeta haikuwa na maji. Kwamba geji ilikuwa imekufa na yeye alijua. Kwamba Ogutu alimwuliza naye akadanganya. Mikono ya Philister ikatulia kwenye nywele.

"Nitapanda basi mwenyewe niende nimwambie Ogutu," Sifuna akaongeza. "Atakurudishia watoto."

"Umwambie nini? Maji sikumpa. Hiyo ni kweli, nilisema na mdomo yangu."

"Lakini si yeye alisimamisha gari, Mama. Hakuwa na neno na wewe. Ilikuwa gari tu."

"Ilikuwa gari tu," Philister akarudia. "Na ilipowaka?"

Sifuna hakuelewa swali.

"Nilimwomba msamaha, gari ikawaka. Watu wote walisikia. Ogutu akanifukuza, watoto wakabaki, mimi nikasema sawa. Hao wamekataa, lakini Baba Awiti mwenyewe alinijibu. Hiyo ndiyo imeniweka hii miaka mbili." Alisema bila hasira, kama anayeeleza njia ya kufika kwake. "Sasa niambie, dereva. Ilipowaka ilikuwa nini?"

Miaka miwili Sifuna alikuwa amepima kila kitu: hofu yake, hasira ya Ogutu, kazi kwa Mzee Mbarak, watoto wa huyu mama. Hili halikuwahi kumpitia akilini. Alimtazama mteja, lakini mteja alikuwa ameinamisha kichwa, hataki kuwa pale. Akatamani aulizwe kitu kingine chochote. Lakini alikuwa amekwisha kudanganya mara moja mbele ya mwanamke huyu, na ya pili ilimshinda.

"Ilikuwa maji, Mama. Niliongeza maji."

Philister akaketi kwenye kile kiti alichomvutia mgeni. Akafuta mikono yake kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

"Kumbe bado ananiita nimletee maji," akasema.