Nilivyolipua achari ya mama mkwe kwenye kabati la boiler, Small Heath

Wakuu, salaam. Sogeeni karibu, leo najianika mwenyewe. Hiki kisa kimenitokea mimi, siyo "rafiki yangu mmoja", na kama kuna chumvi nimeongeza basi ni ile niliyotia kwenye embe.

Utangulizi kidogo. Mimi ni mtu wa Kondoa, nimeolewa na Mzanzibari, tunaishi Birmingham, Small Heath. Ndoa yetu upande wa mume waliipokea kama bili ya gesi. Hasa shangazi yake, Bi Zuhura, anayekaa Handsworth. Huyo aliwahi kusema mbele yangu, huku anakula chakula changu, kwamba sisi wabara tunachojua jikoni ni kusonga ugali tu.

Mama mkwe wangu nilikuwa sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Tulikuwa tunaongea kwa zile kadi za simu za kukwangua, ambazo zinakwambia una dakika sitini halafu zinakata ya kumi na tisa.

Kiangazi kimoja nikawa na mimba ya kwanza. Ikaamuliwa mama mkwe aje anilee arobaini.

Hapo ndipo presha iliponipanda.

Nikajiapiza kwamba akifika atakuta kabati limejaa: jamu, nyanya za chupa, achari ya embe ya kwao Unguja, na juu yake sweta ya mtoto niliyofuma kwa mkono wangu. Nilitaka aseme mwanangu kaoa mwanamke. Ndicho nilichokuwa nakitafuta, na wala sioni aibu kukisema hapa.

Mwalimu wangu alikuwa jirani, Doreen, bibi wa Kiingereza mwenye mti wa plums, yale matunda ya zambarau ya jamu, nyuma ya nyumba. Mchana mwanamke huyu haachi mikono ikae. Sufuria ya jamu ikiwa jikoni, yeye anafuma mistari miwili, anainuka anakoroga, anarudi kufuma. Mimi nikiiga, nikaanza kuhesabu vitanzi nikasahau sufuria. Jamu yangu ya kwanza ungeweza kuzibia pancha.

Ila Doreen alikuwa na sheria moja ambayo haina mjadala. Chupa ichemshwe, jamu imiminwe ikiwa ya moto, kifuniko kikazwe mpaka mkono uchoke. "Tight as you can, bab," ananiambia, yaani kaza uwezavyo, mpenzi. Nikakaza. Jamu zikatulia kwenye shelf kama watoto wa madrasa mwalimu akiwepo.

Kichwa kikavimba. Nikasema sasa achari.

Embe mbichi nilizipata madukani Coventry Road, boksi zima. Nikampigia mama mkwe anipe maelekezo. Akaniambia, "Zikate, zitie chumvi na manjano, uzianike juani siku tatu. Kisha utie pilipili, thomu na siki, ujaze kwenye chupa. Sasa hapa nisikilize vizuri mwanangu, chupa yenyewe..."

Kadi ikakata.

Wakuu, mtu mwenye akili angenunua kadi nyingine. Mimi nikajiambia, chupa tena, mimi si nimeshasomea kwa Doreen?

Halafu jua. Jua la wapi? Mwaka huo mvua ilinyesha kiangazi chote, hata jina la kiangazi lilikuwa kejeli. Nilianika sinia juu ya kibanda cha bustani, njiwa wakala futari yao kabla ya mvua kusuuza kilichobaki. Zilizosalia nikazipeleka kwenye kabati la boiler, lile la kukaushia mataulo. Pana joto usiku na mchana. Na humo humo ndimo nilipokuwa naweka uzi wa sweta, mweupe pe, pamoja na sweta yenyewe ambayo ilikuwa imebaki mkono mmoja tu.

Nikajaza chupa saba. Nikakaza vifuniko kwa sheria ya Doreen, halafu nikampa mume wangu Khamis akazie tena kwa taulo, nikazirudisha zote kwenye lile kabati la boiler.

Baada ya kama wiki mbili, Jumapili mchana, tumekaa tunakunywa chai, tukasikia PWAA! Kikombe kikamtoka Khamis. Kabla hajauliza, PWAA ya pili, na ya tatu.

Kumbe embe zilikuwa zinachacha humo ndani, hewa inatafuta pa kutokea, na mimi nimeziba kila njia. Chupa mbili zilipasuka, moja ilirusha kifuniko, zingine zilikuwa zinatoa povu. Manjano ilikuwa kwenye mataulo, kwenye ukuta, kwenye boiler. Na sweta ya mwanangu ilikuwa imepigwa kifuani, doa kubwa kama chapati.

Nililia. Khamis alicheka, kisha akaona macho yangu akaenda kutafuta dekio.

Niliifua ile sweta mara nne. Ninyi mnaijua manjano.

Embe mbichi madukani msimu wake ulikuwa umekwisha, na mama mkwe nilikuwa nimeshamtambia kwamba achari iko tayari. Kwa hiyo, wakuu, nikafanya uhuni. Nikaenda dukani nikanunua achari ya Kipakistani, nikaimimina kwenye chupa zangu. Tatizo ile ya dukani ina punje za shamari, ya Unguja haina. Nikakaa siku mbili na sindano ya kufumia nachomoa punje moja moja. Mimba ya miezi saba, mgongo unauma, nachokoa shamari. Hivi ndivyo sifa zinavyotutesa.

Mama mkwe akafika baridi imeshaanza. Mama wa watu mpole, tasbihi haimtoki mkononi. Siku ya kwanza tu akaishika ile sweta akauliza, "Mwanangu, hii manjano imefikaje huku?"

Nikamjibu ndiyo fashion ya huku. Akaitikia "aaa" ndefu, akaikunja.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Siku ya saba wakaja wanawake kumwona, na Bi Zuhura akiwa wa kwanza kukaa. Pilau ikaletwa, achari ikaletwa. Akaonja. Akatoa kitu ulimini kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani ili kila mtu aone.

Punje ya shamari. Moja tu.

"Tangu lini achari ya kwetu ina shamari?" akauliza. "Hii ya dukani. Nilisema mimi, bara wataijulia wapi?"

Wakuu, macho yote yakahamia kwangu. Nilikuwa nanyonyesha, sina hata pa kukimbilia. Nilimtazama mama mkwe nikajua kazi yangu ya miezi yote imeishia kwenye punje ile.

Mama mkwe akaweka tasbihi chini. Akainuka, akarudi na ile sweta, akaitandaza magotini kwa Bi Zuhura.

"Mkwe wangu katengeneza achari na mimba yake tumboni, mpaka nguo ya mtoto imeingia manjano. Itazame. Harufu yake bado imo. Wewe Zuhura una miaka mingapi nchi hii? Lete chupa yako moja tuionje."

Bi Zuhura akaisogeza sweta pembeni, akarudi kwenye pilau yake.

Wageni walipoondoka nikamfuata jikoni, nikaanza kuungama. Akanikata. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Na uongo sikusema. Achari hukutengeneza?"

"Nilitengeneza."

"Basi. Mimi sikuuliza iko wapi."

Halafu akanivuta akanikalisha kitini, akanitilia uji, akasema, "Mwanangu, nimekuja kukulea wewe. Kabati nimeacha langu Unguja."

Nikalia tena, safari hii juu ya uji wake. Miezi yote ile nilikuwa najiandaa kwa mtihani ambao mwenyewe hakuutunga.

Funzo kwa wanaotaka kujaribu: achari ya jua hufunikwa kitambaa ipumue, jamu ndiyo hukazwa. Na kadi ya simu ikikata, nunua nyingine umalize kusikiliza.

Jukwaa ni lenu. Wenye wakwe waliowahi kuwabeba mbele za watu waseme, na wanaotaka kunicheka wacheke tu, ila waanze kwa kutaja ya kwao.