Nyongeza ya Mama Thobias

Kwenye soko letu hapa Ngokolo, mtu hapangi hata nyanya moja kabla hajafagia mbele ya meza yake. Mwenyekiti wetu, Ibrahimu, hupita asubuhi mikono ikiwa nyuma, na akiona ganda la kitunguu kwenye mtaro anasimama palepale mpaka mwenyewe aliokote. Wapo wanaomwita mnoko. Mimi nampenda. Nimeuza vitunguu kwenye masoko ambayo mteja hupandisha gauni kuruka tope, kwa hiyo najua ninachosema. Hapa mboga zinakaa juu ya meza, maji yanatoka bombani, na kila meza ina mizani ambayo mteja anaisoma kwa macho yake. Mtu akidai kapunjwa, basi kaamka na yake.

Siku Mzee Masele alipoingia na kikapu, ilibidi nijizuie nisicheke. Wanaume wa kwetu wakija sokoni huishia buchani. Huyu alikuwa amechomekea shati, viatu vinang'aa, kikapu kakishika mbali na mwili kama kina nyoka ndani. Tulikitambua kikapu kabla ya kumtambua yeye. Kilikuwa cha mkewe Rhoda, Mama Thobias, ambaye miaka yote alinunua mboga kwa jirani yangu Mwahija na hakuondoka bila kutuvunja mbavu. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha. Tulikwenda kumwona hospitali, tukaenda nyumbani kwake mara moja, halafu biashara ikatumeza.

"Shikamoo, Baba Thobias," Mwahija alimwamkia. "Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Yupo. Ila chakula hakimpiti vizuri. Daktari anasema asipokula, tutampoteza."

Akataja alichotumwa: nyanya kilo moja, matembele na bamia. Mwahija akapima, mshale ukatulia, akamimina kikapuni. Kisha, kama alivyomfanyia Rhoda siku zote, akatupia juu nyanya mbili na fungu dogo la majani ya kunde.

Masele akazitoa. Akazipanga mezani, moja baada ya nyingine, na majani ya kunde pembeni yake.

"Hizi si zangu," alisema. "Mizani imeshasema."

Ni lazima niseme kitu hapa, usije ukamwona mtu mbaya. Masele alikuwa mlinzi kwenye mgodi wa almasi kule Mwadui, tangu ujana hadi kustaafu. Alisimama kwenye geti la kutokea, akiwapekua watu, na zamu yake ikiisha anapekuliwa yeye. Kwa mtu wa namna hiyo, kitu kinachokutwa kwenye mfuko wako na hukukiweka wewe si zawadi, ni kesi. Mimi nililijua hilo. Mwahija pia alilijua, lakini kujua hakumzuii mtu kuumia.

"Kwani nyanya zangu zina sumu?" aliniuliza, mzee alipokuwa ameshafika geti la soko.

Siku zilizofuata mzee alihamia meza nyingine, na huko nako akarudisha. Akarudisha viazi, akarudisha ndimu. Habari za sokoni hazihitaji simu. Muda si mrefu hakukuwa na mtu wa kumwongezea chochote. Tulimpimia kilo yake, tukapokea hela, tukageukia mteja mwingine. Tulinuna, wanawake wazima, tukamnunia mzee mwenye mgonjwa ndani.

Ndipo asubuhi moja akaja kwenye meza yangu, kikapu kitupu mkononi. Shati halikuchomekewa.

"Mwangaluka, Mama Nasibu," alinisalimia Kisukuma kwa sauti ya chini. "Nina jambo la kuuliza."

"Mwangaluka. Uliza, baba."

"Rhoda hali kitu. Tangu juzi ni maji tu. Nikirudi kutoka hapa anaomba kikapu. Anakipekua kwa ule mkono wake mzima, mpaka chini kabisa, halafu anageukia ukutani. Jana nikambana aniambie anatafuta nini. Akasema, 'Naona sokoni wameshanizika.'"

Moyo uliniuma sana. Na mimi nikiumia hugomba, ndivyo nilivyoumbwa.

"Baba Thobias, anatafuta nyongeza!" nilimwambia. "Zile nyanya ulizokuwa unarudisha, ni kweli hazikuwa zako. Zilikuwa zake! Ndizo salamu tulizokuwa tunampelekea. Akikuta majani ya kunde anajua Mwahija kamkumbuka. Wewe ukawa unatuachia salamu za mkeo hapa mezani."

Alivitazama vitunguu vyangu.

"Nilidhani mnanihurumia," alisema.

"Na kuhurumiwa kuna ubaya gani?"

Alikwenda kwenye meza ya Mwahija, akasimama wima kama yuko gwaride, akatoa noti mfukoni.

"Nimekuja kununua nyongeza."

Muuza viazi aliangua kicheko, kikapokelewa meza kwa meza mpaka kwa wauza dagaa. Masele alibaki ameishika noti yake, haelewi amekosea wapi. Mwahija alijitahidi kuendelea kununa, midomo ikamshinda.

"Rudisha hela yako, Baba Thobias. Nyongeza hainunuliwi. Unasema tu: niongeze."

"Niongeze," alisema.

"Nimwongeze nani?"

"Mke wangu."

Mwahija akatia nyanya, akatia majani ya kunde. Muuza viazi akaleta viazi, mimi nikatia kitunguu kikubwa nilichokuwa nimekiweka cha nyumbani kwangu. Kila kitu kilipoingia kikapuni, niliona vidole vyake vinasogea kutaka kukitoa. Mwishowe akaiweka mikono nyuma, akaishikilia huko.

"Wabeja," alimshukuru kila mmoja wetu. "Wabeja."

Kesho yake alikuja mapema, tukiwa bado tunafagia. Alipita meza zote, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwa Mwahija.

"Nimetumwa," alisema. "Anasema nyanya ulizomwongezea zimebonyea. Anasema angekuja mwenyewe, usingethubutu kumpa nyanya za namna ile."

Mwahija aliacha kufagia.

"Amekula?"

"Amekula. Alikuwa anagomba huku anakula."

Mwahija alikaa juu ya kreti, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akainuka, akaifunika meza yake turubai, wakati hata mteja wa kwanza alikuwa hajaingia.

"Twende nyumbani, shemeji," alimwambia Masele. "Nataka anigombeze mwenyewe."