Okidi za Mama Hilja

Tyyne Rautio, mpishi wa shule kule kaskazini mwa Minnesota, hakuwa mwizi. Ila kila Juni jirani yake mjane, Mama Hilja, alipowapeleka watu kinamasini kuona okidi zake, roho ilimtoka kwa kuzitamani: maua yenye umbo la kiatu cha mtoto, meupe juu, waridi chini, yamesongamana chini ya mierezi. Mama Hilja na marehemu mumewe waliyakuta mwaka waliohamia pale. Hawakuwahi kuchuma hata moja.

Asubuhi moja Tyyne akaingia kinamasini na sepetu na ndoo. Aliyang'oa yote, akayapanda nyuma ya sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke.

Siku ya pili Mama Hilja alikuja, akakaa jikoni, akasema maua hayapo. Hakulia. Tyyne akammiminia kahawa, akamkatia mkate wa iliki, akamwambia huenda ni kulungu.

"Kulungu hafukui mizizi," alisema Mama Hilja, akanywa kahawa yake.

Kufikia Jumapili mikono ya Tyyne ilikuwa imevimba, vipele mpaka kwenye viwiko. Akaenda kanisani na glavu, joto lote lile. Baada ya ibada, Tyyne akigawa vikombe vya kahawa, Mama Hilja alimshika mkono, akamvua glavu moja taratibu, akatazama.

"Vinyweleo vya shina vinawasha," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipokuwa msichana kwetu viliniwasha wiki mbili. Paka siagi, mwanangu."

Akamvisha glavu tena, watu wasione. Tyyne alitamani ardhi immeze. Afadhali angetukanwa.

Jioni ile aliyarudisha maua kinamasini, lakini majani yalikwisha kunyauka. Mwaka uliofuata hakikuota kitu. Tyyne akawa anazunguka njia ya mbali asipite mlangoni kwa Mama Hilja. Ilimchukua miaka mitatu kwenda kubisha hodi.

"Mama Hilja, ni mimi niliyeyang'oa."

"Najua. Nilikuwa nakungoja uje useme. Mbona umekawia hivyo?"

Mama Hilja alimsamehe, akamwambia hivyo waziwazi, lakini Juni ile hakuwa na mahali pa kumpeleka mtu. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Tyyne alipika chakula cha msiba, watu wakamsifu, naye akashindwa kuinua macho.