Ukurasa Usiojua Kungoja

Mjukuu wangu, mwalimu wa kompyuta kule Nachingwea, alikuja kwangu Nkowe kurekodi majina ya wazee wetu waliotangulia. Katika ukoo nimebaki mimi tu ninayeyakumbuka yote, na siku hizi yameanza kuchelewa kunijia. Alifungua kwenye intaneti ukurasa alioutengeneza mwenyewe. Ukisema, mstari wa kijani unainuka na sauti inarekodiwa. Ukinyamaza, mstari unalala na kurekodi kunakoma.

Nikaanza na babu. Kwetu jina la marehemu halisukumwi na jingine. Ukilitaja, unatulia kwanza, ndipo uende kwa mwenzake. Nikatulia. Mstari ukalala, ukurasa ukaacha kurekodi.

"Bibi, usinyamaze! Ukurasa unadhani umemaliza."

"Uambie sijamaliza."

"Hauelewi, Bibi. Unasikia sauti tu."

Tukarudia, ukaacha tena. Jogoo akawika, mstari ukainuka.

"Kumbe, mke mwenzangu, jogoo anasikilizwa, mimi nakatwa!" nikamwambia mjukuu wangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

Alicheka, mimi sikucheka. Nikainuka, nikazunguka ua, nikakaa, nikainuka tena. Nikiharakisha, majina yanakanyagana, nikitulia, yanakatwa. Na la mama ndilo la mwisho.

Mjukuu akainamia kompyuta, akabonyezabonyeza. "Nimeuongezea subira. Sasa utangoja mpaka niufunge mimi."

Nikaanza upya kwa babu, taratibu, hadi nikamfikia mama. Nikamtaja, nikanyamaza. Mstari ulilala, lakini kurekodi kukaendelea. Mjukuu aliponyoosha mkono afunge, nikamshika.

"Bado," nikamwambia.