Mdogo Wangu Aliniomba Msamaha, Kampuni ya Maji Ikauchukua

Mteja wangu alikuwa na povu kichwa kizima, macho kayafumba, ndipo bomba la saluni likakohoa mara mbili na kunyamaza.

Nikapiga simu kampuni ya maji. Nilipiga nikiwa tayari kugomba, maana wale watu nawajua.

Akapokea kijana mmoja mwenye sauti ya upole. Nikammwagia yote. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

Kisha akasema: "Dada, sina sababu ya kukupa. Ulipaswa kutukuta pale, hukutukuta. Kosa ni letu, hatumsukumii mtu."

Halafu akavuta kamasi.

Jamani, nilikaa chini. Mteja akaniuliza, "Vipi, maji yanakuja?"

Maneno yale niliyajua. Majuma machache nyuma, mdogo wangu wa tumbo moja aliniambia hivyo hivyo jikoni kwa mama, machozi yanamchuruzika. Hata kamasi aliivuta mahali palepale.

Ngoja nirudi nyuma mnielewe.

Mdogo wangu huyo ndiye wa mwisho kwetu, tunamwita Kitinda. Anafanya kazi hukohuko kampuni ya maji, kitengo cha malalamiko. Yaani kutwa nzima anaomba msamaha kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Alipoanza kazi alikuja kwa mama na mbwembwe zote.

"Mama, Waingereza wana sori moja tu, inawafanyia kazi zote. Ukimkanyaga mtu, sori. Hujasikia alichosema, sori. Kafiwa, sori. Unataka kumnyima kitu, unasema sori halafu unamnyima. Hata ukitaka kumtukana mtu unaanza na sori."

Mama akasema, "Hilo neno lipewe likizo."

Kumbe kampuni nayo iliona hivyo. Wakaletewa mafunzo ya maneno yote yanayofanana na sori, wakayageuza Kiswahili, wakayapanga kwa ngazi kama vyeo vya jeshi. Maji yakikatika kidogo, samahani. Yakikatika kutwa, pole sana. Fundi akibomoa ukuta wako, tunasikitika. Mambo yakiharibika kabisa, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Lakini kukiri kosa, marufuku. Ukikiri tu, kazi huna.

Kitinda alizishika ngazi zote. Wenzake wakamwita Malkia.

Sasa, mwaka jana mama alikwenda kutolewa mtoto wa jicho. Kliniki zote nilimpeleka mimi. Siku ya upasuaji nikamwomba Kitinda akae naye, siku hiyo moja tu.

Kitinda akatoka "mara moja" kuonana na mashoga zake.

Mama akatoka na bandeji, akaita, hakuna mtu. Jicho la pili nalo lilikuwa halioni vizuri. Akapapasa ukuta kutafuta choo, akaanguka kwenye korido. Aliyemwinua ni mama wa usafi.

Nilipofika nilimkuta na nundu pajini na aibu usoni. Ile aibu ndiyo iliyonikata maini. Mama yangu si mtu wa kuona aibu.

Kitinda akanitumia ujumbe: "Sori dada."

Sikujibu. Akapanda ngazi: "Samahani sana." Kimya. "Nasikitika." Kimya. Mwishowe, nikiwa naosha vitaulo vya saluni, simu ikalia: "Dada, naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Uliojitokeza! Mama kaanguka, na usumbufu umejitokeza wenyewe kama uyoga.

Nikamfungia kwenye simu. Tukakaa karibu mwaka hatusalimiani. Akija kwa mama mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma.

Mama akachoka na sisi. "Niliyeanguka ni mimi, na nimeshasamehe. Wewe uliyekuwa saluni unasusa nini?"

Ndipo Kitinda akanifuata jikoni. Hakupanda ngazi yoyote safari hii. "Dada, sina sababu ya kukupa. Ulipaswa kunikuta pale, hukunikuta. Kosa ni langu, simsukumii mtu." Kamasi.

Nikamkumbatia na sufuria mkononi. Nililia mimi kuliko yeye. Nikamfungulia kwenye simu, nikamsuka bure, nikarudi kuwa na mdogo wangu.

Sasa mnaelewa kwa nini siku ile ya povu nilikaa chini.

Jioni nikamkuta kwa mama. Nikamwambia, "Kumbe uliniletea maneno ya kazini kwenu. Ukanichukulia kama mtu aliyekatiwa maji."

Kitinda akaweka kikombe chini. "Dada, sikuyatoa kazini. Niliyapeleka kazini."

"Unasema?"

"Bosi alituita. Akasema wateja wamechoka na radhi zetu, wanataka kitu cha kweli. Akauliza nani aliwahi kuomba msamaha akasamehewa. Nikasimulia ya kwetu. Akaniambia nirudie. Kesho yake kila mtu anayasema."

"Na kamasi?"

"Kamasi alisema ibaki. Alisema ndiyo inayofanya kazi."

"Na kukiri kosa si marufuku?"

"Wamegundua mteja akisikia kosa ni letu, anakata simu ametulia. Haulizi tena maji yanarudi lini."

Kweli, hata mimi sikuuliza.

"Wakakupa nini?"

Akatazama chini. "Wamenifanya kiongozi wa zamu."

Niliumia, nisifiche. Ningejua alinidanganya ningemaliza naye. Hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu machozi yalikuwa ya kweli, na sasa yako kwenye mdomo wa kila kijana wa kampuni, anammwagia kila mwenye bomba kavu.

"Basi niombe msamaha kwa hilo," nikamwambia.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Malkia mwenyewe, na hana hata neno moja ambalo halijaajiriwa.

Mama alikuwa kwenye kochi, anatusikiliza kama redio. "Jicho la pili ni Alhamisi," akasema. "Atakayekuwepo, awepo."

"Nitakaa mimi," Kitinda akasema.

Nikacheka kwa dharau. "Na mimi nitafika kabla mama hajatoka. Nije nione benchi tupu."

Alhamisi ikafika. Nikawa na bibi harusi kwenye kiti. Nywele zikagoma, mashangazi zake wakanizunguka, kila mmoja na mtindo wake. Nikajiambia, nabana hizi tu naondoka. Bado hizi. Bado hizi.

Nikaja kushtuka muda umeshapita.

Njiani nilikuwa najipangia maneno ya kumwambia Kitinda. Nilikuwa na hakika hayupo. Nadhani kuna sehemu yangu ilitaka asiwepo.

Nikakata kona ya korido.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na bandeji yake, kichwa kakiegemeza begani kwa Kitinda. Simu ya Kitinda ililia ndani ya mkoba, ikakata, ikalia tena. Hakuigusa. Baadaye nilijua ni bosi wake akimwita kwenye zamu, na cheo chake cha zamu kiliishia siku hiyo.

Mama akasikia viatu vyangu. "Huyo ndiye aliyesema atafika kabla sijatoka?"

Nikatafuta la kusema. Nilikuwa na pumzi juu, dawa ya nywele mikononi, na yote niliyojipangia njiani yalikuwa ya mtu mwingine kuyajibu.

Likanitoka moja tu. "Sori."

Nikangoja Kitinda anicheke. Haki alikuwa nayo, na ulimi anao.

Hakucheka, hakuniuliza nilikuwa wapi. Akamshika mama vizuri, akasogea, akaacha nafasi. Nikakaa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, sina cha kuwafundisha kuhusu maneno, kila moja nililosikia lilikuwa zuri. Ila mtu akikukosea, acha kumpima ulimi. Ngoja siku nyingine kama ileile ije, uende ukaangalie amekaa wapi. Na uende mapema, usije ukawa wewe ndiye unayesubiriwa.