Fundi Mwenye Alifunga Tutuyo ku Njia ya Kasenga

Muniite muzee, muniite mama wa hasira, yote sawa. Lakini musiniite muntu wa bongo, mwenye kusema uongo. Haya maneno sikuyasikia kwa bengine. Ni miye nilikuwa nimeshika kapo ya motoka, kile kifuniko ya moteri, na mikono yangu, uso yangu karibu na uso ya ule fundi. Na haikuwa usiku. Bantu banapenda kusema bafu banatembea usiku. Huyu alikuya asubui, jua inatoka.

Ilikuwa miaka ile Zaire ilikuwa inaanguka. Benye balikuwa Lubumbashi banajua. Basoda balipita nyumba kwa nyumba, banabeba friji, banabeba milango, mpaka mabati. Kwetu balikuta kamionete ya bwana yangu, Baba Mado. Ilikuwa ya zamani, rangi imeisha, lakini njo ilikuwa inatukulisha. Balishindwa kuiwasha. Basi kwa hasira bakaiba batri, bakaiba mpaka kafimbo ya kusimamisha kapo, bakang'oa na tutuyo yote ya mupira, ile myembamba sawa mikia ya panya, yenye moteri inavutia hewa. Ingine inaenda ku freni, ingine ku karbirateri, ingine miye sijui wapi. Bakaitupa chini sawa nyasi.

Wakati ule binti yetu Mado alikuwa na mimba yake ya kwanza. Bwana yake alikuwa Kasenga mu biashara ya samaki, njia imefungwa kule karibu na Kasenga, hakuna habari. Uchungu ikamushika. Ku lopitali hakuna munganga, hakuna hata kitanda, yote ilibebwa. Jirani moja mwenye anazalishaka bamama akagusa tumbo, akanivuta pembeni.

"Mama Mado, mutoto amelala bupande. Huyu hatatoka bila kisu. Mumupeleke kwa bamasere, basista ba misioni ya njia ya Kasenga. Mukichelewa, mutazika babili."

Baba Mado akaomba batri kwa jirani, akarudisha tutuyo vile anafikiri. Lakini yeye hakuwa fundi. Fundi alikuwa mudogo yake, Mumba, mwenye anaishi Lukafu, mbali na siye. Ile motoka ilimujua Mumba kuliko inatujua siye. Lakini tangu mvua iliisha hatukusikia sauti ya Lukafu. Barua hakuna, motoka hazipite.

Tukatoka giza ingali. Mado nyuma, mu mabulanketi, miye pembeni yake. Moteri ilikuwa inatetemeka sawa muntu wa malaria. Inakohoa, inashikwa, inakohoa tena. Freni ilikuwa nguvu sawa jiwe, Baba Mado anaikanyaga na miguu yote mbili. Kisha pa kichuguu kimoja kikubwa, pori huku na huku, moteri ikakufa.

Ilikuwa wakati ya baridi. Nyasi nyeupe. Ukifungua kinywa, moshi inatoka sawa unavuta tumbako. Mado alikuwa anapiga kelele njia yote, na pale akanyamaza. Kunyamaza njo kuliniogopesha. Nikashuka kumwambia Baba Mado afanye kintu, chochote.

Na Mumba akatokea nyuma ya kichuguu.

Weye ungefikiri nini? Miye nilifikiri Mungu iko. Amevaa salopeti yake ya bulu, nguo ya kazi, na ku shingo amejifunga kitenge ya kijani, ya mabata ya manjano. Sikumuuliza anatoka wapi. Muntu anazama anauliza kamba inatoka wapi?

Akaangalia moteri, akacheka, akaita mukubwa yake: "Yaya, nani amekutengenezea hii? Mbuzi?"

"Acha mchezo, Mumba," Baba Mado akasema. "Mutoto anakufa nyuma pale."

"Washa. Na weye mulamu, shika kapo muzuri. Ao nguvu yote iliishia mu kusonga bukari?"

"Nguvu iko," nikamujibu. "Ni weye umekonda."

Akainama mu moteri.

Mumba alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Bengine banaangalia na macho, yeye anaweka mwisho ya tuyo ku ulimi. Kama inavuta, inabaki inashikilia pale, inaninginia. Ku Lukafu balikuwa banamucheka, banasema Mumba anakula motoka. Njo akafanya vile vile. "Hii inavuta. Hii imelala. Hii Yaya ameipeleka kwa jirani, haiko nyumba yake." Anazirudisha moja moja. Na kila tuyo akiiweka, anaifunga na kipande ya kitambaa, isiteleze, ijulikane. Ile siku kitambaa alipasula ku kitenge ya shingo yake.

Sasa sikiliza muzuri. Miye nilikuwa karibu naye sawa mama na mutoto. Moshi inatoka mu kinywa yangu. Moshi inatoka kwa Baba Mado. Mumba anasema, anacheka, anapuliza mu tuyo, na hakuna moshi. Hata kidogo. Nikajiambia, labda moteri njo inamuvuta pumzi. Muntu akiwa na shida anakubali kila kintu.

Moteri ikatulia. Ikaimba. Baba Mado akakanyaga freni, ikashuka laini.

"Panda, twende!"

"Miye nilishafika, Yaya."

Akaenda nyuma, akainama kwa Mado. "Mutoto huyu iko majina yangu, ataitwa Mumba. Unakubali?"

Kwetu jina si kintu ya kuchezea. Ukimupa mutoto jina ya muntu, hao babili banakuwa kintu kimoja, na hairudishwe. Lakini baba mudogo akiomba, nani anakatala? Na Baba Mado alikuwa anapiga honi. "Kubali, tuende!"

"Nakubali, Baba Mudogo," Mado akasema na kasauti kadogo.

Bamasere balipasua. Mutoto mwanamuke, muzima. Mado muzima. Nililia mpaka masere moja alinikaripia.

Mado alipopata nguvu, tukaenda Lukafu kumushukuru Mumba. Tukakuta kiwanja inajaa bantu. Muke yake, Chola, iko chini ku mukeka, kichwa imenyolewa. Akatuona, akaanza kulia. "Mumekuya kumaliza kilio. Nilifikiri habari haikuwafikia."

"Kilio ya nani?"

"Yaya, ya mudogo yako. Tulimuzika wakati ya mavuno."

Baba Mado akacheka. Naapa, alicheka. "Chola, acha. Yeye njo alinitengenezea motoka juzi juzi." Akamushika mukono, akamupeleka ku kamionete, akafungua kapo.

Chola hakupiga kelele. Aliingia mu nyumba, akarudi na nusu ya kitenge ya kijani. "Niliipasula mbili. Nusu nilimufunga ku shingo mu sanduku, asisikie baridi. Nusu nikabaki nayo."

Ku nusu yake mabata ya mwisho hayakuwa na vichwa. Akaisogeza ku tuyo ya freni, na vichwa vilikuwa pale ku kitambaa.

Baba Mado akakaa chini, mu vumbi.

Mutoto, bukwe, ndugu ba bwana ya Mado, balikuwa bamemupa jina ya nyanya yao, na alikuwa anakatala maziwa, analia mpaka sauti inaisha. Chola akatuuliza: "Mulimuahidi nini?" Mado akasema. Chola akamubeba, akamuita "Mumba" mu sikio. Mutoto akanyamaza. Akanyonya.

Kamionete ingali mu kiwanja yangu, haina hata gurudumu. Vitambaa haviguswe. Baba Mado alinikatalia mpaka kufa kwake, na miye ninakatalia bengine.

Mumba wetu amekomaa, iko na nguvu, anacheka kwa sauti, anakula bukari kuliko siye bote. Lakini wakati ya baridi, asubui, tukikaa inje na chai, moshi inatoka mu kinywa ya kila muntu. Kwake haitoke. Mado ameona. Miye nimeona. Tunaangalia kikombe.

Basi weye unasoma hii: muntu akikusaidia ku njia, mushukuru, mupe hata chakula yako. Lakini akikuomba jina ya mutoto, ngoja kwanza. Angalia kinywa yake.