Kofia Iliyokwenda Chuo

Mwana wa kike wa dada yangu alikuwa akisoma chuo pale Buxton, akikaa kwangu Bondeni. Mimi skuli niliiona kwa nje, nikipita. Kazi yangu kushona kofia za vito, zile za matundu yaliyozungushiwa uzi, na kushona maneno. Nikianza kisa asubuhi, jua hungoja nimalize ndipo litue.

Somo la mwanangu lilikuwa hili: miale ya ioni ikipiga seli, vile vijumba vidogo vidogo mwili umejengwa navyo, vitakufa vingapi? Ndivyo watu watakavyotibiwa saratani, akaniambia. Alihesabu kwa kompyuta ya chuo, akirudi na makaratasi ya kutandika njia kutoka Bondeni mpaka Tononoka. Lakini hesabu ilimkatalia. Kwenye karatasi seli nyingi zilipona. Kwenye vipimo vya kweli zilikufa kama kuku wa kideri. Mwalimu akampa hadi Jumatatu, la sivyo kazi yake haisomwi. Msichana akasusa kula hata mahamri yangu, ambayo maiti akiyanusa huuliza chai iko wapi.

Jumamosi adhuhuri nilikuwa natoboa kofia ya bwana harusi kwa shazia, ile sindano nene. Ili msichana wangu acheke, nikamtolea kisa cha mume wangu wa kwanza alivyokimbizwa na ngamia mpaka juu ya paa. Kisa kikaninogea, mkono ukaenda wenyewe. Matundu yakabanana, kitambaa kikararuka kutoka kipajini hadi sikioni.

"Mama mdogo, umetoboa mengi mno," akasema.

"Mengi wapi? Yahesabu. Ni yale yale ya kila kofia. Tundu likiwa mbali na mwenzake nalizungushia uzi, kofia yaishi. Yakirundikana, huo uzi utashika nini, hewa?"

Akaniomba niyarudie maneno yangu polepole. Kumbe yeye alikuwa akiyatawanya mapigo ya ioni kwenye seli nzima, kama mtu anyunyizaye chumvi. Na ioni hupita kwa mstari mmoja, ikirundika majeraha pamoja, seli isipate pa kujishonea. Akala mahamri saba, akatoka mbio kwenda chuo, buibui kalivaa nje ndani.

Safari hii hesabu ilikubali. Jumatatu akaenda na ile kofia mbovu. Mwalimu akatia kidole kwenye mpasuko, akacheka, akaisoma kazi yote hadi mwisho, akaipitisha.

Bwana harusi nilimshonea nyingine, siku tatu mdomo nimeufunga. Majirani wakaja kuuliza nimefiwa na nani. Ile mbovu mwalimu hakuirudisha. Katika ukoo wa kofia zangu, ni hiyo tu iliyosoma.